Walimpitisha Mume Wangu Bila Kuniuliza

Nina miaka thelathini na sita, mama wa watoto watatu, nauza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Naandika nikiwa na hasira, mnisamehe. Nimejaribu kuandika nikiwa nimetulia, nimeshindwa!

Niliolewa na mwanamume wa safu ya kwanza msikitini. Nje kila mtu alimsifu. Ndani... mwongo wa kutupwa! "Wallahi" haikumkauka mdomoni. Siku moja aliniapia kwa simu kwamba yuko hospitali, kando ya kitanda cha mama yake mgonjwa. Mama mkwe mwenyewe alikuwa jikoni kwangu, mzima kabisa, anakunywa chai! Nilivumilia miaka, mwishowe nikadai talaka.

Uchaguzi ulipokaribia, wazee wa ukoo wetu walikaa Balambala kuchagua mgombea mmoja wa wadi. Huku kwetu wazee wakishampitisha mtu, kura ni kumalizia tu. Wanawake hatuketi kwenye kikao hicho. Wakampitisha yeye, mtalaka wangu!

Nilimkimbilia adeer, mdogo wa baba yangu, aliyekuwa kikaoni. Nikamwambia mtu huyu hudanganya bila kupepesa macho. Akanicheka. "Hayo ni ya chumbani, binti yangu. Sisi tunatafuta kiongozi, hatutafuti bwana harusi."

Hata Aabo, baba yangu mzazi, alinigombeza. Eti nina kinyongo cha talaka!

Basi akashinda. Mvua ikakosekana. Aabo alikuwa malishoni na ng'ombe wake, mbali na mto, akitaka kuhamia Tana mapema. Akampigia mheshimiwa. Mheshimiwa akaapa: wallahi, boza la maji limeshatoka Garissa, msihame. Aabo akangoja. Akapiga tena... wallahi, liko njiani. Akapiga tena... wallahi, limepata pancha!

Nilimpigia Aabo nikilia, nikamwambia hama leo! Akasema Mwislamu hawezi kulichezea jina la Mungu hivyo.

Boza halikuwahi kuondoka mjini. Aabo alipokata tamaa na kuhama, ng'ombe hawakuwa na nguvu tena. Walianguka njiani mmoja baada ya mwingine. Alifika Tana na fimbo mkononi, basi.

Sasa anaishi kwangu. Mtu aliyewagawia majirani maziwa leo anasubiri nimpimie kikombe. Nani atamwomba radhi? Nani?

Juzi adeer alikuja na habari. Wazee wamekaa tena, wamepata mtu mpya, mpole, mcha Mungu. Nikamuuliza kama wamezungumza na mkewe. Akakohoa, akasema wanawake wana maneno mengi.

Aabo akainuka pale mkekani. "Nendeni kwa mkewe kwanza," akasema. "Mimi niliambiwa na binti yangu, nikamfokea."

Adeer akatazama saa, akasema amechelewa swala. Akaondoka!

Ndugu zangu wasomaji, nawasihi. Anayemdanganya mama wa watoto wake, nyinyi mna nini hata awaambie kweli? Kabla hamjampitisha mtu, bisheni hodi nyumbani kwake. Na mkishaambiwa, kwa jina la Mungu, sikieni!