Siri ya Kopo la Biskuti

Kila alasiri, Kasuku alipotoka shule, alimkuta baba yake, fundi cherehani, amejinyoosha kwenye kochi kama mfalme. Mguu wake uliovunjika ulikuwa ndani ya plasta. Daktari alikuwa amemwagiza atembee kwa magongo kila siku, lakini baba alitembeza ulimi tu. "Mwanangu, lete maji. Mwanangu, geuza mto."

Binti huyo aliitwa Kasuku kwa sababu neno halikulala kinywani mwake.

Siku moja, mama akiwa sokoni, Kasuku alisikia kishindo. Baba, yule asiyeweza kufika hata mlangoni, alikuwa amepanda kiti kufuata kopo la biskuti juu ya kabati. Alikuwa ameanguka na kujigonga kichwa.

"Mama yako asijue," alisema akipapasa nundu. "Nionyeshe kwamba hata wewe unaweza kufunga mdomo."

Kasuku aliapa, akajiona mtu mzima.

Kesho yake baba alibanwa na kifua ghafla, akawa anahema kama aliyekimbia mlimani. Walimkimbiza hospitalini. Baada ya vipimo, daktari alisema kwamba damu iliyoganda mguuni kwa kukaa bila kutembea ilikuwa imesafiri hadi kwenye mapafu na kuziba mshipa. Moyo ulikuwa unazidiwa.

"Tuna dawa ya kuyeyusha bonge hilo," alisema. "Lakini dawa haichagui. Kama kuna jeraha ndani ya kichwa, litavuja damu na kumuua. Mzee, umejigonga kichwa karibuni?"

Baba alimtazama mama, kisha akaashiria hapana.

Kasuku alisogea karibu na daktari. Ilikuwa siri yake ya kwanza kudumu hadi asubuhi.

"Amejigonga, daktari. Alianguka akiiba biskuti."

Mama aligeuka polepole. "Biskuti zipi?"

"Zamu yako itafika, mama," alisema daktari. "Muuguzi, tupige picha ya kichwa kwanza. Upesi."

Picha haikuonyesha damu yoyote ndani. Baba akatiwa dawa mshipani, muuguzi akimchunga bila kubanduka. Kufikia jioni alikuwa anapumua vizuri, hata akapata nguvu za kulalamika.

"Kasuku, hukuweza kuvumilia hata wiki?"

"Angevumilia," alijibu mama, "leo ningekuwa mjane wa biskuti."

Daktari alimshika Kasuku bega. "Siri ya kumfurahisha mtu itunze, mwanangu. Inayoweza kumdhuru, iseme mara moja. Nawe mzee, daktari akikuuliza, sema kweli, hata kama mkeo amesimama hapo."