Nyumba ya Matofali ya Aluoch

Jacinter alikuwa amekwenda kurudisha ungo tu. Jua lilikuwa linashuka upande wa Uganda, naye alikuwa na haraka ya kwenda kusonga ugali kabla mumewe hajarudi. Lakini alipozunguka ua akakuta Land Rover imeegeshwa mbele ya nyumba ya matofali, na Vivianne, mke wa shemeji yake, amejifunga leso mpya, anammiminia chai mgeni mwenye kamera shingoni.

Leso yenyewe ilikuwa imeandikwa: Mwenye wivu ajinyonge. Labda haikumlenga mtu. Jacinter aliisoma mara mbili.

"Karibu, Mama Brian," Vivianne akasema kwa ile sauti yake ya ualimu. "Huyu ni Bwana Callistus, ametoka museum. Wanataka hii nyumba yetu iwekwe kwa historia ya Kenya."

"Nyumba yenu," Jacinter akasema.

"Yetu sisi wote, jamani!"

Callistus alikuwa mtu mpole wa Matayos, mwenye kupenda kueleza. Nyumba ya karani wa forodha, akasema, imejengwa 1934, matofali ya kuchomwa, milango ya mvule kutoka Tororo. Hakuwa ameona nyingine kama hiyo kutoka Alupe hadi Malaba.

"Ikishatangazwa kwa gazeti la serikali, mama, hakuna mtu atabomoa. Hata msumari hutoi bila ruhusa. Na hapa mlangoni tutaweka kibao. Sasa tuandike ni nyumba ya nani?"

"Ya dani yetu," Vivianne akajibu bila kufikiri. "Nyanya Benedetta."

Jacinter aliweka ungo chini, akaondoka bila kuaga.

Benedetta! Kila mtu wa boma lile alijua habari hiyo, ila waliofaidika nayo walikuwa wameisahau. Karani Obuya aliijenga nyumba ile kwa ajili ya Aluoch, mke wake wa kwanza. Kwa Wajaluo mke wa kwanza ndiye mikayi, na nyumba yake hutangulia katika kila jambo: kupanda, kuvuna, hata kuezeka. Lakini Obuya alipomwoa Benedetta, msichana wa misheni mwenye kujua kushona, alimtoa Aluoch kwenye matofali akamjengea kibanda cha udongo pembeni. Mikayi akawekwa mahali pa mke mdogo! Aluoch akaishi humo hadi uzee, akafia humo, na kibanda kikaachwa kianguke chenyewe, kwa kuwa nyumba ya marehemu haikarabatiwi. Kilichobaki ni kichuguu cha udongo chenye majani marefu.

Elly, mume wa Jacinter, alikuwa mjukuu wa Aluoch; mume wa Vivianne, aliyefanya kazi Nairobi, alikuwa wa Benedetta. Alitengeneza baiskeli za boda boda pale mpakani, akakaa na mke na watoto kwenye nyumba ya vyumba viwili, karibu na kile kichuguu. Miaka kumi Jacinter alikuwa akiamka na kuliona paa la Vivianne kabla hajaliona jua. Alihesabu wageni wa Vivianne. Alijua pazia za Vivianne zilipobadilishwa. Na sasa Vivianne anaongezewa kibao cha serikali! Mwenye kingi huongezewa, lakini hiki kilikuwa cha mwenzake.

Kesho yake magharibi, Elly akiwa bado kazini, Jacinter akachukua kibuyu cha pombe ya busaa akaenda kwenye kichuguu.

Kuita marehemu ni kazi ya wanaume wa ukoo, tena mchana, tena kwa maneno yaliyopimwa. Jacinter alikuwa mwanamke wa kuolewa, na maneno yake hayakuwa yamepimwa na mtu yeyote. Alimwaga busaa kwenye majani. Ikanywewa haraka, kana kwamba ardhi ilikuwa na kiu.

"Dani Aluoch," akanong'ona. "Wanakuibia tena."

Akasikiliza.

Hata nyenje walinyamaza.

Kisha harufu ikaja... tumbaku ya kunusa. Kali, mbichi, kama mtu ameifungua karibu na pua yake.

Mtu akakohoa ndani ya majani.

"Ni nani?"

Jacinter alirudi nyuma hatua moja. Angekimbia, na laiti angekimbia! Lakini akatazama kando, akaona taa ya Vivianne imewashwa dirishani, na wivu ukamshika miguu.

"Ni mke wa Elly."

"Elly gani?"

"Elly Obuya."

Halafu kicheko kidogo, cha msichana, kikitoka kwenye koo la kizee.

"Obuya..."

"Chukua nyumba yako, dani," Jacinter akasema, akilia kwa hofu na kwa hasira. "Mtoe huyo mwanamke. Chukua kila kitu chako."

Majani yakalala chini. Hayakulala yote, ila mstari mmoja mwembamba, kama yanakanyagwa, kuelekea nyumba ya matofali.

Vivianne hakumaliza mwezi. Kila jioni alikuta sufuria zake zimepangwa nje, zimefunikwa vizuri. Godoro lake likawa linakutwa barazani. Wanawe wakasema kuna nyanya amekaa jikoni anawatazama. Siku ya mwisho alikuja kwa Jacinter kuaga, hana leso wala mikogo, macho yamevimba.

"Mama Brian, hiyo nyumba haitutaki. Naenda kwa baba yao Nairobi."

"Pole, mwenzangu," Jacinter akasema, na ndani yake ngoma zilikuwa zinapigwa.

Callistus aliporudi ni Jacinter aliyemimina chai. Ni Jacinter aliyesema jina la kuandikwa. Tangazo likatoka, kibao kikapigiliwa mlangoni: NYUMBA YA ALUOCH. Elly akapewa ufunguo wa kuitunza, na Jacinter akapita sokoni Amukura akijidai wiki nzima.

Kazi ya Elly ilikuwa kwenda kufunga madirisha jua likizama. Mwanzoni alirudi mara moja. Kisha akawa anachelewa. Kisha akaanza kurudi ameshiba.

"Umekula wapi?"

"Nimekula."

Nguo zake zilinuka tumbaku, na Elly hakuwahi kutumia tumbaku maishani. Akaanza kuvaa koti hata kukiwa na joto, na kuzungumza Kiingereza cha makarani wa zamani. Alipolala na Jacinter aligeukia ukuta.

Jacinter alijua dalili za mwanamke mwingine. Alidhani ni mmoja wa wale wauza ndizi wanaovuka kutoka ng'ambo. Alikonda. Akaenda kwa Zilpa, shangazi ya Elly, ambaye kwa Kijaluo walimwita waya, mtoto wa mwisho wa Aluoch, akamweleza yote, hata ya kichuguu.

Zilpa alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamshika mkono.

"Ulimwambia achukue nini?"

"Nyumba yake, waya."

"Nyumba peke yake?"

"Nyumba... na kila kitu chake."

"Uwi!" Kikongwe akajifunika uso. "Mtoto, wewe hujui huyo Elly ameitwa jina la nani? Si ni la babu yake? Mama alikuwa anamweka kwa magoti akisema, 'Yule mzee nimemwachia Benedetta. Bwana yangu ni huyu mdogo.' Sisi tulikuwa tunacheka. Kila nyanya husema hivyo." Akashusha sauti. "Mama hakuwa anacheka."

Jacinter akasogea karibu naye.

"Dawa ni nini, waya?"

"Dawa iko. Mwenye nyumba akirudi, nyumba inaangushwa. Mnatoa paa, jua linaingia, mvua inanyesha ndani. Anaenda. Zamani wazee wangeimaliza asubuhi moja."

Wakatazamana. Haikuwa na haja ya kusemwa. Hata msumari hutoi bila ruhusa. Jacinter mwenyewe alikuwa amepika kuku wa kuwashukuru walioleta sheria hiyo.

Jioni ile alikwenda.

Mlango wa mvule ulikuwa umefungwa. Kupitia ufa wa dirisha aliona taa ya kandili, meza, na Elly amevaa koti, amekaa wima. Mezani palikuwa na sahani mbili. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Lakini ugali wa sahani ya pili ulikuwa unapungua, tonge kwa tonge.

Jacinter akaugonga mlango kwa ngumi zote mbili.

"Elly! Fungua! Ni mimi, bibi yako!"

Hatua zikaja polepole. Mlango ukafunguka kidogo. Uso ulikuwa wa Elly, lakini ulimtazama kwa upole wa mtu anayekumbuka deni dogo.

Nyuma yake, gizani, mtu akakohoa.

"Ni nani huyo, Obuya?"

"Ni yule wa nyumba ndogo," Elly akajibu, bila kugeuka.

"Mwambie asilete kelele kwa nyumba ya mikayi." Sauti ilikuwa tamu, ya mwanamke aliyeshiba. "Mwambie angoje zamu yake."

Jacinter alifungua mdomo atukane, apige nduru, aite majirani. Lakini harufu ya nguo za mumewe ilimfikia, na mwangaza wa taa ulikuwa mzuri mle ndani, na wivu ukaishinda hofu yake, ukaishinda hata haya.

"Zamu yangu ni lini?" akauliza.

Komeo likateleza kwa ndani.

Jacinter akavuta leso mabegani, akakaa kwenye ngazi, akaanza kungoja.