Kifuniko kwenye Mzinga wa Mwanangwa

Enzi za Mwingereza, katika kijiji kimoja kando ya njia ya zamani ya misafara, kusini mwa Tabora, msichana Flavia alikuwa akiamka kabla ya jogoo. Alichota maji, akafagia uwanja, kisha akamwamkia baba yake, "Mwangaluka, baba." Baba huyo, Masolwa, alikuwa mrina asali. Kila kifuniko cha mizinga yake kilichongwa alama ya ukoo: mistari mitatu kama kucha za kuku.

Jumamosi moja Flavia alirudi kutoka kisimani akakuta wageni uwanjani. Mahona, mwanangwa wa kijiji, alisimama na vijana wake wawili, kifuniko mkononi. Mkuu huyo alikuwa na sauti! Akipiga chafya, kuku wa vijiji vitatu walitaga kabla ya siku zao.

"Alama hii ni yako, Masolwa?"

"Ni yangu, Mwanangwa."

"Ilifuata nini kwenye mzinga wangu? Umeiba asali ukasahau ushahidi!"

"Kifuniko chako kiliangushwa na upepo. Nikafunika kwa changu nyuki wasihame. Ndiyo desturi yetu warina."

"Nani alikuona?"

Masolwa akamtazama Flavia. Siku ile walikuwa pamoja porini. Mahona akamwinamia mtoto. "Haya, uliona?"

Macho yale yalikuwa mekundu kama makaa. "Sijui," Flavia akanong'ona.

Masolwa akafungiwa katika bani, banda la kukaushia tumbaku. "Jua likitua hajakiri," Mahona akatangaza, "nitawasha majani mabichi. Moshi utamfundisha kusema." Hakuna aliyecheka. Mwaka uliopita mtu mmoja alitolewa humo akikohoa damu, na hakuna aliyeuliza.

"Mama, nakwenda polisi," Flavia akasema.

"Polisi?" Apolinaria, mama yake, akashtuka. "Watakukamata wewe!"

"Baba yumo humo kwa sababu ya 'sijui' yangu."

Akakimbia. Alipoondoka kivuli chake kilikuwa kifupi. Alipofika kituoni kilikuwa kirefu kuliko yeye. Sajini Jilala alikuwa akiziba tairi ya baiskeli.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Unafukuzwa na fisi?"

"Na mwanangwa."

Kicheko kikamkauka sajini. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mahakama ipi imemhukumu baba yako?"

"Hakuna. Mwanangwa amesema tu."

"Panda nyuma."

Walifika jua likigusa miti. Mahona alikuwa mlangoni mwa bani, kijinga cha moto mkononi.

"Zima hicho," sajini akasema.

"Huyu ni mwizi!"

"Labda. Kuamua hilo si kazi yako, wala si yangu. Kazi yangu ni kumfikisha kwa hakimu akiwa mzima. Fungua."

"Nitakushtaki kwa wakubwa!"

"Nishtaki. Mlango wa mahakama ni mpana, tutapita sote."

Jumatatu, hakimu Ambrosi aliwapa wote wawili nafasi ya kusema bila kukatizwa. Flavia akasimama. "Nilisema sijui. Nilidanganya. Mimi ndiye niliyempa baba kifuniko."

"Mtoto wake huyo!" Mahona akanguruma.

"Ndiyo maana nitauuliza na mzinga," hakimu akajibu. Akamtuma karani pamoja na warina wawili wakaufungue.

Kesho yake karani alirudi jicho moja limevimba na kufumba kabisa. "Masega yote yamo, bwana hakimu. Hakuna lililokatwa." Akashika shavu. "Nyuki nao wamo."

Kumbe Mahona hakuwa amechungulia ndani hata mara moja! Masolwa akaachiwa, na Mahona akafunguliwa kesi ya kumfungia mtu bila amri ya mahakama.

Nje, sajini alimwita Flavia. "Usidhani nilimtoa baba yako kwa kuwa ni mwema, sikumjua. Hata angekuwa mwizi ningemtoa. Kila mtu ana haki ya kusikilizwa kabla ya kuadhibiwa. Polisi humlinda njiani, mahakama humsikiliza. Lakini sote tunakuwa viziwi, binti, kama anayejua anasema 'sijui'."

Wakirudi, Masolwa aliacha njia akaingia porini, akakirudisha kifuniko chake, alichorudishiwa mahakamani, kwenye mzinga wa Mahona.

"Baba! Baada ya yote hayo?"

"Kesi ni ya Mahona," akasema akikigongea taratibu. "Nyuki hawana kesi."