Nondo Nyuma ya Jiko la Adde Rawda

Harufu ya kahawa inayokaangwa iliingia chumbani kwa Hayat wakati hakuna aliyekuwa amewasha jiko. Mama yake, ambaye wote walimwita Adde Rawda kwa heshima, alikwenda kuchungulia akakuta majivu ya baridi. Nezif, mume wa Hayat, akanusa huku na huku mpaka akafika ukutani, kwenye waya mnene ulioshuka kutoka paani. Harufu ilitoka humo.

"Waya wako unaungua," Hayat alisema kutoka kitandani.

"Waya wangu hauungui."

Nezif alikuwa fundi wa mitandao, na mji mzima wa Agaro ulijua kwamba ukitaka kugombana naye useme vibaya juu ya waya wake. Nyumba ya mkwewe ilikuwa kilimani, mahali pazuri pa kusimamisha mlingoti wa antena ya kurushia mtandao nyumba za bondeni. Hayat alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua mimba ya kwanza, kama walivyozoea kufanya huko, na chumba chake kilikuwa chini ya mlingoti huohuo. Kwa hiyo siku alipousimamisha, Nezif hakufanya mchezo. Radi za kule hazina utani. Aliufunga mlingoti waya wa kupeleka radi ardhini, kisha akatafuta udongo wenye unyevu, maana udongo mkavu haumezi radi vizuri. Akaupata nyuma ya jiko. Alipigilia nondo ya shaba mpaka ikazama karibu yote, akaunga waya, akajipongeza. Hakujiuliza kwa nini kipande kile tu kilikuwa kimelowa.

Adde Rawda aliporudi kutoka sokoni alishika kichwa.

"Hapo ndipo ninapommwagia jini mwenye mahali hapa kikombe cha kwanza cha kahawa, kila asubuhi kabla sijanywa! Mama yangu alimwaga hapo hapo. Hukuona? Hukuuliza? Hata bismillahi hukusema?"

"Nilikuwa na misumari mdomoni, Adde," Nezif alisema akicheka. "Na huyo mwenyewe akiwa na kiu, si ataendelea kunywa tu?"

Alikuja kuyajutia maneno hayo.

Baada ya ile harufu, zilikuja sauti. Ndani ya mlingoti, ambao ulikuwa bomba tupu, vikombe viligongana kana kwamba watu wameketi humo wakisubiri kumiminiwa. Kisha Hayat akaacha kula. Mchana mmoja aliketi kitandani ghafla, macho wazi bila kupepesa, akazungumza kwa sauti nzito ya mwanamume mzee.

"Nani amenichoma koo?"

Adde Rawda aliangusha sinia.

Sheikh Temam aliitwa, akasoma kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Yule mwenye sauti alijibu jambo moja tu: "Nimechomwa kwangu. Nitahamia kwa mtoto."

Sheikh akamvuta Nezif nje. "Ing'oe ile nondo," alinong'ona.

"Nikiing'oa sasa hivi, sheikh, mlingoti utabaki bila njia ya chini. Radi itamshukia mke wangu kitandani. Napigilia nyingine kwanza kule kisimani, nauhamisha waya, ndipo naing'oa hii."

"Basi mtoe mkeo chumbani."

Walijaribu. Majirani wanne wanaume walimshika Hayat, na hawakuweza kumwinua hata shubiri moja. Mmoja alitoka akilia waziwazi, wala hakuna aliyemcheka.

"Fanya haraka," sheikh alisema. "Huyu hana subira."

Nezif alikimbilia dukani kutafuta nondo. Alipokuwa akirudi aliona wingu jeusi limekaa juu ya kilima chao peke yake, bonde lote likiwa kwenye jua. Akapitia nyuma ya jiko. Pale palikuwa na shimo. Nondo ya zamani ilikuwa imelala kando yake, waya umekatwa, na Adde Rawda alikuwa amepiga magoti na jembe mikononi.

"Alisema anamchukua mtoto, mwanangu," alisema huku meno yakigongana. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Ningengoja nini?"

"Mama, umemwachia Hayat radi!"

Alikimbia kisimani akaanza kupigilia nondo mpya kwenye tope, akisema bismillahi kwa kila pigo la nyundo, na kutoka chumbani ile sauti nzito ikaanza kucheka, kwanza polepole kama mtu anayekumbuka jambo, kisha kwa nguvu mpaka mabati yakatetemeka, na vinyweleo vya mikono yake vikasimama vyote kwa pamoja, naye akajua kama fundi ajuavyo kwamba radi imeshachagua mahali, lakini aliuvuta ule waya uliokatwa, akaumenya kwa meno kwa kuwa kisu hakukiona, akauingiza kwenye kibano cha nondo, akakaza kwa vidole vilivyokuwa vikiteleza kwa damu na tope, akakaza tena, akajirusha kando huku akiita jina la mkewe.

Mbingu ikapasuka.

Alipofumbua macho, kisima kilikuwa kinatoa mvuke. Mlingoti ulikuwa umesimama. Hakuna kicheko. Ndani, Hayat aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe, na Adde Rawda alimkumbatia akaomboleza kama aliyefiwa, kwa furaha. Sheikh Temam alimsomea tena, akamtazama machoni, akasema, "Ametoka. Alhamdulillahi, ametoka."

Nezif aliupima waya kwa mita yake ya umeme. Radi yote ilikuwa imeshuka ardhini, na unganisho lilikuwa zima. Ndipo alipoingia chumbani, akaketi ukingoni mwa kitanda. Hayat alikuwa amechoka lakini alikuwa Hayat. Nezif alijihisi mtu mwenye bahati kuliko wote duniani.

"Anacheza?" aliuliza.

"Sana. Hebu gusa."

Akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe. Cheche ya buluu iliruka ikampiga, ganzi ikampanda mpaka begani, akaanguka chini. Aliijua ganzi ile. Alikuwa ameionja mara nyingi katika kazi yake, alipogusa waya wenye moto.

Hayat alitabasamu bila kupepesa macho.

"Usiogope, baba," alisema. "Mtoto anakusalimia."