Kikombe cha Chai Kilichoua Kesi ya Shemeji Yangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mzee wa miaka tisini na mitatu, mkazi wa Korogwe. Enzi za Mwingereza, nikiwa kijana, nilikuwa karani na mkalimani wa wakili mmoja wa Kihindi hapa mjini. Nilikuwa na mke niliyempenda, Zaina, na watoto wawili. Nyumba yangu ilivunjwa na kikombe kimoja cha chai... Nifuateni taratibu, nitawaeleza.

Kaka yake Zaina, Athumani wa Kwamndolwa, alikuwa fundi kwenye shamba la mkonge upande wa Magoma. Mashine ya kuchakata mkonge, ile tuitayo korona, ilimkata kidole cha shahada. Wengine wangeacha kazi. Yeye alitengeneza mkono wa chuma wenye springi, wa kusukuma majani ndani ya mashine ili mikono ya watu ibaki salama. Akaupa jina: Kidole.

Injinia wa shamba, Mzungu, aliuazima "kuujaribu" tu. Baadaye tukasikia ameuandikisha serikalini kuwa uvumbuzi wake mwenyewe! Jamani, kuna wizi unaouma kuliko huo?

Nilimpeleka shemeji kwa wakili wangu. Wakili akaikubali kesi kwa moyo mmoja, ila akataka kwanza aione mashine ikifanya kazi. Tukaenda shambani sote watatu.

Tulipomaliza, injinia alimkaribisha wakili barazani. Mimi nilipewa chai kwenye kikombe cha bati, nikainywa nimekaa kwenye ngazi. Jua lilikuwa kali, koo limekauka... nilifikiri nini zaidi? Athumani alikataa hata maji. Alisimama kando ya korona, akinitazama nikimeza.

Kwetu, mwenye kesi hali wala hanywi kwa mpinzani wake mpaka shauri liishe. Anayekula huko amekwisha hamia huko. Nililijua hilo tangu utoto, lakini kazi ya ofisi ilikuwa imenisahaulisha.

Tulipofika mtoni njiani, Athumani alinisogelea. Ndipo akauliza kwa sauti ya upole iliyonitisha:

"Shemeji, chai ya Bwana injinia ilikuwa na sukari ngapi?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Siku hiyo hiyo ofisini, wakili aliuliza swali moja kubwa: kabla ya injinia kuandikisha kile chombo, kuna watu wengine waliokiona kikifanya kazi? Nikamfafanulia Athumani kwa Kiswahili, nikamsihi asifiche kitu, hata kama ni kidogo. Alinitazama mimi, akamtazama wakili.

"Hakuna. Mimi na injinia tu."

Kumbe alikuwa anaficha! Ila sikulijua hilo.

Toka hapo kila nilichofanya kilikuwa na maana mbaya. Nikichelewa kurudi, nilikuwa kwa injinia. Nikinunua viatu, nimehongwa. Zaina alianza kunusa mashati yangu kama anayetafuta harufu ya Mzungu. Mimi nami nikaanza kumshuku: mbona kila ninalosema chumbani linafika Kwamndolwa?

Kisha injinia akaleta ujumbe: kesi iishe nje ya mahakama, haki ya Kidole wagawane nusu kwa nusu. Wakili alisema tulifikirie. Athumani akasimama.

"Mmeshaninunua na kuniuza! Tutaonana mbele ya jaji!"

Jaji akaja Korogwe. Athumani alipopanda kizimbani kutoa ushahidi, alinyoosha ule mkono wenye vidole vinne kuelekea dirishani.

"Mashahidi wangu wako nje! Niliwaficha hata kwa wakili wangu, maana karani wake hunywa chai ya mpinzani! Chombo hiki nilikifanyia sadaka nyumbani. Tulisoma dua, tukala ubwabwa, kila jirani akakijaribu kwa mkono wake!"

Jaji akaweka kalamu chini. Akauliza: hiyo ilikuwa kabla injinia hajaandikisha?

"Kabla kabisa!" akajibu kwa fahari.

Mkalimani wa mahakama alipoyageuza maneno hayo kwa Kiingereza, wakili wangu alifumba macho...

Ngoja niwaeleze, maana hapa wengi hupotea. Shamba la urithi hulindwa na mashahidi. Kadiri wengi wanavyojua mpaka wako, ndivyo mpaka unavyokuwa imara. Uvumbuzi ni kinyume chake. Ukiuonyesha hadharani kabla ya kuuandikisha, sheria inasema si jambo jipya tena, na huwezi kuumiliki peke yako. Athumani alijenga ngome kwa mawe yaliyomwangukia.

Hukumu ikatoka: injinia amenyang'anywa haki, na Athumani hapewi. Kidole ni cha kila mtu!

Angalitwambia mapema, wakili angalimshauri achukue ile nusu. Lakini angetuambiaje, naye ameniona nikinywa?

Wiki ile ile Zaina alifunga mizigo, akawachukua watoto. Nilimfuata hadi Kwamndolwa, nikaapa kwa Mungu kwamba sikumsaliti kaka yake. Hakutoka nje. Baadaye aliolewa Handeni.

Miaka ikapita. Kila shamba likafunga Kidole kwenye korona zake, na vidole vya watu vikapona. Hakuna aliyeuliza nani alikitengeneza.

Athumani alipougua, alituma mtu aniite. Nilimkuta mkekani, amekonda sana. Mkewe akaleta birika. Athumani akajiinua, akashika kijiko kwa ule mkono wake.

"Shemeji," alisema, "sukari ngapi?"

Nilipokea kikombe. Nilikunywa huku machozi yakidondokea kikombeni...

Wasomaji wangu wapendwa, mkipata wakili, mwambieni yote, hasa lile mnalodhani ndiyo silaha yenu ya siri. Na wewe unayemsaidia mtu mwenye kesi, vumilia kiu yako mpaka nyumbani. Mimi nilishindwa kuvumilia, na wanangu walikua wakimwita mwanamume mwingine baba.