Maji ya Mtungi wa Njano

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, siku ya Jumanne, mtungi wa njano ulikuwa umejaa. Lynnet, mwanafunzi wa Gredi ya Sita katika kisiwa cha Remba, aliufunika, akaingia ndani na kujaza karatasi iliyobandikwa ukutani.

Karatasi hiyo ilitoka shuleni. Ilikuwa na mistari mitatu: kunawa mikono kwa sabuni, kutia dawa maji ya kunywa, na kusoma kwa nusu saa. Mwanafunzi aliweka alama ya vema kila siku, na mzazi akatia sahihi kila Ijumaa.

Lynnet alinawa na alisoma. Maji ndiyo hakuyatia dawa. Tangi la dawa lilikuwa juu ya mwamba, karibu na shule. Kazi yenyewe ilikuwa kupanda na mtungi uliojaa, kuuweka chini yake na kuzungusha koki mara moja ili dawa idondokee ndani, lakini foleni ilikuwa ndefu na mwamba ulikuwa mkali. Ziwa lilikuwa hatua thelathini kutoka mlangoni. Kwa siku nne Lynnet alikuwa amechota ufuoni, mahali wanawake waliposuuzia samaki wadogo wa omena, akaweka alama nne. Kwa macho, maji yalikuwa safi.

"Umetia dawa?" mama yake, Phelesia, aliuliza akibeba neti ya kuanikia omena.

"Ndiyo, Mama. Angalia karatasi."

Phelesia aliangalia. Aliacha shule akiwa darasa la tatu, lakini alama ya vema aliijua.

Saa nne, Beverly, dada yake Lynnet wa miaka mitano, alianza kuharisha. Kinyesi kilikuwa kama maji ya mchele. Kufikia saa saba alikuwa ametapika mara tano.

Phelesia alimpeleka zahanati pamoja na Lynnet, aliyekuwa amerudi kutoka shuleni kwa chakula cha mchana. Muuguzi wa hapo alikuwa Bwana Monari, mwenyeji wa Kisii. Aliifinya ngozi ya tumbo la Beverly na kuiachia. Ilirudi polepole.

"Anakunywa maji gani?"

Phelesia alikuwa amekuja na karatasi ya ukutani. Aliikunjua mezani. "Ya dawa, daktari. Kila siku. Huyu dada yake ndiye anaandika."

Monari alimtazama Lynnet. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Lynnet akajibu.

"Basi ni kitu amekula. Amekula wapi?"

"Uji anaouza Milka ufuoni, pale kwa mashua," Phelesia akasema.

Monari aliwapa pakiti za chumvi na sukari za kuchanganya na maji. "Pakiti moja, lita moja ya maji hayo yenu ya dawa. Kidogo kidogo, bila kuacha. Akilegea, mrudishe mara moja."

Habari ziliwafikia wazee wa ufuo, na saa kumi jioni wakamwaga sufuria ya Milka mchangani. Milka alisimama na kata mkononi. "Maji yangu nachemsha! Mama Lynnet, si unaniona kila siku nikichemsha?"

Phelesia, aliyekuwa ametoka kuondoa neti ya omena, aliikunja na kurudi ndani kwa Beverly.

"Uji wa kuhara!" watoto wakaimba. "Nani anataka kikombe cha kuhara?" Wawili kati yao walisoma darasa moja na Lynnet. Lynnet alipita akiinamisha kichwa.

Nyumbani, Phelesia alikuwa amemnywesha Beverly lita ya kwanza yote. Hali yake ilikuwa imezidi kuwa mbaya. Macho yalikuwa yamezama, na alipolia machozi hayakutoka. Phelesia alifungua pakiti ya pili, akainamisha mtungi wa njano juu ya jagi.

"Mama, usimpe hayo."

"Kwa nini?"

"Ni ya ziwa tu, hayana dawa. Sikuenda kwa tangi."

"Leo?"

"Tangu Jumamosi."

Phelesia aliweka jagi chini. Hakumpiga. Alimfunga Beverly mgongoni kwa leso na kwenda zahanati akikimbia, na Lynnet akamfuata.

Monari alitafuta mshipa mara tatu kabla ya kuupata. Dripu ilipoanza kuingia, alimgeukia Lynnet.

"Mchana nilikuuliza. Ungesema, ningempa maji ya hapa. Badala yake, tumemnywesha ugonjwa pamoja na dawa yake."

"Niliogopa kuadhibiwa."

"Mwalimu angeona nafasi nne tupu. Angeuliza sababu, na pengine mama yako angetafuta mtu wa kukusaidia kupanda na mtungi. Alama kwenye karatasi haiui vijidudu. Dawa ndiyo inaua. Usipofanya, acha nafasi wazi, ili watu wajue pa kuanzia."

Phelesia aliongea bila kuondoa macho kwenye dripu. "Mimi nami niliangalia karatasi. Sikuangalia mtungi. Na nikamtaja Milka."

Jumatano asubuhi, Lynnet alisimama mbele ya wazee wa ufuo na kueleza yote. Mzee mmoja alisema wamesikia. Hata hivyo Alhamisi hakuna aliyenunua uji, na Ijumaa Milka alirudi nyumbani na sufuria imejaa.

Beverly aliruhusiwa kutoka Ijumaa hiyo jioni. Karatasi ya Lynnet ilifika kwa mwalimu ikiwa na alama nne alizozikata mwenyewe na bila sahihi ya mama.

Jumamosi, saa moja kasorobo asubuhi, Lynnet na mama yake waliteremka kutoka kwenye tangi, wakipokezana mtungi wa njano. Waliuweka nyumbani, wakamchukua Beverly na kwenda hadi kwa mashua. Watu walikuwa wengi. Phelesia aliomba vikombe vitatu.

Milka alichukua kata. Kisha akamimina.

Beverly alikunywa kwanza.