Maji Yaliyompita Guleid

Alasiri hiyo mtaa wa Waberi, hapa Garissa, ulikuwa na joto lake la kila siku, lile la kumkaanga mtu hata akiwa kivulini, na Guleid alikuwa kwenye benchi la duka la chai akingoja kitu ambacho hakipo: kazi. Digrii yake ya filamu ilikuwa ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha yenyewe imechakaa kwa kuzungushwa maofisini. Manze, kama kutarmac kutafuta kazi kungekuwa na mshahara, Guleid angekuwa mheshimiwa na bodigadi juu.

Ng'ambo ya barabara, nyumba ya Habo Saynab, shangazi wa mtaa mzima, ilikuwa imejaa wageni. Mwanawe Shuaib alikuwa amerudi.

Shuaib direkta, ndiyo, yule yule wa mabango ya Nairobi. Alianza kwa kupiga video za harusi kule Galbet, bibi harusi anakatwa kichwa kwenye picha lakini mbuzi anaonekana vizuri. Guleid ndiye aliyemfundisha kushika kamera isitetemeke. Kisha Guleid akaenda chuo kusomea filamu, na Shuaib akabaki hapa akizipiga. Akapiga ya mama mmoja na ngamia mmoja wakati wa ukame, karibu filamu nzima hakuna anayesema neno, na wazungu wakalia machozi. Tuzo ikaja, ikafuatwa na nyingine. Sasa alikuwa na filamu mpya Balambala, kando ya mto Tana, na wakubwa ambao jana hawakumjua leo walimwita mtoto wetu.

Guleid alivuka barabara. Kusalimia tu, alijiambia.

"War, Guleid! Mwalimu wangu!" Shuaib akamkumbatia mbele za watu. Hilo neno mwalimu lilimchoma kuliko tusi. "Njoo uone kazi."

Kwenye kompyuta, ng'ombe walikuwa wakiingia mtoni asubuhi, vumbi likiwaka mgongoni mwao kama dhahabu. Ilikuwa safi. Hilo ndilo lililomuua Guleid, kwamba ilikuwa safi kweli.

Chumba kizima kikasema masha'Allah. Ndivyo inavyofanywa huku. Ukiona kizuri cha mwenzio, unamtaja Mungu upesi, jicho lako lisije likabaki pale. Hata chekechea wanalijua hilo. Guleid alilijua pia. Akalitazama jicho la kulia la Shuaib, lile analobandika kwenye kamera, akalitazama sana.

"Una jicho zuri, walahi," akasema.

Akaishia hapo.

Habo Saynab akaacha kumimina chai.

Asubuhi yake jicho hilo lilifunguka jeupe, kama limemwagiwa maziwa. Daktari akalimulika, akasema haoni ugonjwa wowote. Habo Saynab hakubishana naye. Alichukua beseni na jagi, akawapitia wote waliokuwa chumbani siku ile. Kila mmoja anawe mikono na uso, maji yaingie besenini, kisha mgonjwa aogeshwe maji hayo. Hakuna anayeulizwa. Hakuna anayelaumiwa. Wote wananawa, na mwenye jicho baya anajificha katikati ya wengi, na mgonjwa anapona. Ni huruma, ukifikiria vizuri.

Ndirangu, fundi wa sauti kutoka Nyeri, alinawa huku akicheka. "Mathe, kwetu hatuna hizi, lakini kama ni kunawa, acha ninawe mpaka shingo."

Guleid akawa wa mwisho.

"Nawa, hooyo," Habo Saynab akamwambia kama anavyomwita mwanawe. "Sikuulizi kitu." Akageuza uso, ndiyo heshima yenyewe, asione ananawa kwa moyo gani.

Guleid akashika jagi. Akawaza: akipona, atamaliza filamu yake, na mimi nitarudi kwenye benchi. Akalibana jagi kwapani, akatanua viganja vyake, akamimina katikati. Maji yakapita. Hayakugusa hata kidole.

"Tayari, habo."

Shuaib aliogeshwa yale maji. Kabla ya Alasiri, jicho la kushoto likafuata.

Alijilaza kwenye godoro, uso kaugeuzia ukutani. "Filamu isife," akasema. "Mpeni Guleid. Yeye ndiye aliyenifundisha."

Basi Guleid akaenda Balambala na Ndirangu. Lo, kile kiti! Watu wakamwita direkta. Kulikuwa na mtu wa kumshikia mwavuli. Akainama, akabandika jicho kwenye kamera ya Shuaib.

Ng'ombe. Mto. Na mwanamume amesimama ndani ya maji mpaka magotini, amewapa mgongo.

"Mtoeni yule."

"Yupi, buda?" Ndirangu akauliza.

Guleid akainua kichwa. Mto ulikuwa na ng'ombe tu. Akainama tena.

Mtu yule amesogea. Mto unampita pande zote mbili. Nguo zake ni kavu. Viganja amevitanua.

Akageuka.

Shati la Guleid. Uso wa Guleid. Macho meupe.

Guleid alikimbilia mtoni. Alitumbukiza mikono yote miwili, akaitoa. Mikavu. Akatumbukiza kichwa mpaka masikio. Akakitoa. Kikavu. Hata nywele. Ndirangu, yule wa kucheka kila kitu, alifanya ishara ya msalaba na kurudi nyuma hatua kwa hatua.

Jua lilikuwa bado juu Guleid alipofika Waberi. Alianguka mlangoni.

"Habo, nipe maji. Ni mimi. Sikunawa. Ni mimi."

Habo Saynab akainuka. Alileta beseni, akamimina mwenyewe, polepole, juu ya mikono ile. Maji yaligawanyika kabla ya kuifikia. Yalianguka kushoto na kulia. Beseni likajaa. Mikono ikabaki na vumbi la Balambala.

"Hooyo," Habo Saynab akanong'ona, "yule kule mtoni ulimwacha na nani?"

Hakuwa ameambiwa lolote la mtoni.

Kutoka chumba cha ndani, Shuaib kipofu akasema taratibu, "Bado amesimama. Namwona vizuri."

Guleid alitoka bila viatu. Hakuonekana tena Waberi, wala msikitini, na huko angefanya nini mtu asiyeweza kutia udhu? Filamu imelala. Kamera iko kabatini na hakuna anayetaka kuichungulia.

Lakini mvua ikinyesha Garissa, na unajua inavyonyesha ikiamua, Shuaib huuliza kutoka godoroni: "Amenawa?" Habo Saynab hufungua geti kutazama. Barabara nzima huwa ni tope. Mbele ya geti pekee kuna nyayo mbili za miguu mitupu, kavu, zenye vumbi, vidole vikielekea mlangoni.

Huweka beseni hapo, karibu nazo, kisha hugeuza uso.

Bado halijaingia tone.